Inazima kwa Nani

Mwanaheri binti Sudi wa Ndagoni ana masikio ambayo sijapata kuyaona kwa mtu mwingine. Akikaa barazani kwake anachambua mchele, na Manne ikiwa bado iko mbali inatoka mashamba ya upande wa Ras Kisimani, atakwambia kama imebeba mbata au inarudi tupu. Atakwambia imefika kwenye mchanga mzito, sasa imepita msikitini, sasa inapinda. Atakwambia pia imesimama mlangoni kwa nani, na hilo la mwisho ndilo lililomkondesha.

Mimi ni Biubwa, shoga yake tangu tuko chuoni tukigombania juzuu moja. Ninayoyasema nimeyaona. Na nitasema mapema kwamba mumewe, Ridhwan, simpendi, ili msije mkanisingizia kuwa nilificha.

Manne ni pikipiki yake ya magurudumu manne, ile yenye matairi manene ya kupita mchangani. Aliinunua kwenye hoteli moja ya wageni kule ghuba ya Chole, ilikokuwa ikibeba mitungi ya wazamiaji. Huyo aliyemuuzia alimkabidhi ufunguo huku anacheka, na mimi nikiona mtu anauza kitu huku anacheka huwa najiuliza. Ridhwan hakujiuliza. Babu zake ndio waliopanda minazi nusu ya upande ule, na kwao mtu hajiulizi mbele ya watu. Alirudi nayo Ndagoni amekaa wima kama bwana harusi, watoto nyuma, na kwa mwezi mmoja tulimwonea wivu wote. Njia ya shambani kwake ni mchanga mtupu. Pikipiki za kawaida zinazama mpaka mnyororo, yeye anapita anasalimia.

Mwezi wa pili chumvi ilikula ekzosi. Ikatoboka tundu la kuingia kidole, kisha la kuingia ngumi, na tangu siku hiyo Ndagoni haikupumzika. Kuku wangu waliacha kutaga. Imamu alimwomba kwa upole awe anaizima wakati wa adhana, naye akajibu kwamba akiizima haitawaka tena, jambo ambalo lilikuwa kweli na nitalieleza. Mwenyewe aliteseka kuliko sisi. Alianza kuongea kwa kupaza sauti hata akiwa ndani, kama anamwita mtu ng'ambo ya maji. Alifunga tundu kwa kopo la maziwa ya unga na waya, likadumu siku tatu, likaruka na kumpata mbuzi wa watu. Alikuwa ametafuta heshima akapata kelele. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya Ridhwan yalikuwa ekzosi.

Maana Ridhwan ana wake wawili. Mwanaheri ni mkubwa, wameishi miaka kumi na tisa. Fahima alimwoa miaka mitatu iliyopita, akamjengea nyumba upande wa pwani, kando ya hiyohiyo njia ya shambani. Kwa zamu simwonei, ni mwadilifu: siku mbili huku, siku mbili kule, na kitoweo kinapimwa. Lakini njia ni moja. Hata siku za Mwanaheri, akienda shamba ni lazima apite kwa Fahima, na akirudi apite tena.

Zamani alikuwa na baiskeli, na baiskeli ina adabu yake. Inaondoka kimya, inarudi kimya, na yaliyo katikati Mungu ndiye ayajuaye. Mwanaheri aliniambia siku moja kwamba enzi za baiskeli alikuwa hajui kama ana wivu. Alijua ana mke mwenza, akamkubali, akamtumia sahani ya pilau siku ya harusi. Manne ndiyo iliyomfundisha. Ilimpa habari ambazo hakuziomba, kila siku, kwa sauti ya kusikika mpaka ghubani.

Nilikuwa nikikaa naye barazani namwona. Manne ikitokea mbali, mikono yake inasimama juu ya ungo. Ikikaribia kwa Fahima haongei kabisa, na ole wako uongee wewe. Ikipita bila kusimama, anashusha pumzi na kuendelea na mchele. Ikisimama, anahesabu. Hakuhesabu kwa saa, alihesabu kwa kokoto alizozitoa kwenye mchele, anazipanga pembeni mojamoja. Siku moja zilifika thelathini na tisa na mchele wenyewe ulishakwisha kuwa safi, akawa anachagua punje nzima nzima na kuziita kokoto.

Nikamwambia, "Shoga, utajiua."

Akasema kufa si kazi, kazi ni kusikia.

Sasa hilo la kutowaka. Manne ikiwa baridi asubuhi inawaka kwa kubonyeza swichi, vizuri tu. Ikishapata joto ukaizima, basi. Unabonyeza, inakaa kama mtu uliyemtukania mama yake. Mpaka ipoe, na kwa jua la huku kitu hakipoi upesi. Kuisukuma hakusaidii, si aina ya kuwaka kwa kusukumwa. Fundi Mudrik aliletwa kutoka Kilindoni mara nne. Akabadilisha plagi, akabadilisha betri, akafungua kabureta akaisafisha na kuifunga, kila mara inawaka vizuri kwa kuwa wakati anahangaika nayo inapoa. Anaondoka na ujira wake, na kesho yake adhuhuri Ridhwan yuko katikati ya minazi anaitukana mashine kwa Kiarabu alichokisahau.

Aliyeipatia dawa ni Mwanaheri. Baba yake, Mzee Sudi, ndiye aliyekuwa na mashine ya kusaga hapa kijijini, na Mwanaheri alikulia chini ya mkanda wake. Alimtazama Mudrik mara moja, akaona chini ya kiti kuna kidude cheusi chenye nati mbili kubwa, na kwamba Mudrik alipozigusanisha kwa spana ilitoka cheche na mashine ikazunguka. Akasubiri Mudrik aondoke. Siku ya pili Manne ilipogoma uani kwake, akainua kiti, akachukua spana, akazigusa nati, chwaa, ikawaka. Ridhwan aliruka nyuma. Anaogopa cheche, na kwa sababu huwa amefunga dumu la petroli hapohapo nyuma simcheki sana. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuiwasha Manne ikiwa na joto isipokuwa mke wake mkubwa.

Ikawa hivi. Siku zake, Ridhwan akija kula mchana kwa Mwanaheri, anaizima mlangoni, kimya kinarudi, anakula, na akitaka kuondoka Mwanaheri anafuta mikono, anaigusa kwa spana. Siku za Fahima, usiku anaizima ikalala ikapoa, lakini mchana kule hakuna wa kuiwasha, kwa hiyo haizimi. Inanguruma mlangoni tangu anapoingia mpaka anapotoka, na Ndagoni nzima inajua sasa Ridhwan yuko kwenye mchuzi, sasa anakunywa maji.

Mtu mwenye akili zake angeona kwamba aliyebahatika ni Mwanaheri. Lakini wivu una hesabu zake na haziendi shule. Alichoona yeye ni kwamba kwa Fahima mumewe anaunguza petroli saa nzima, na kwake halipotei hata tone. Kwamba kule anaiacha ipige kelele ili dunia ijue yuko kwa nani, na kwake anaizima kama mwizi. "Kwangu anajificha," aliniambia, na nilimwona anaamini. Nilijaribu kumweleza habari ya nati na spana, mwenyewe akiwa ndiye anayezijua kuliko mimi, akanitazama kama mtoto.

Basi ikafika hitima ya Mzee Sudi, mwaka mmoja tangu afariki. Ilikuwa Ijumaa na ilikuwa siku ya Mwanaheri. Alikuwa amekazania jambo moja tu: kwamba Ridhwan awe mlangoni kupokea wanaume. Baba yake hakuacha mtoto wa kiume. Mkwe ndiye alikuwa mwenye shughuli, na mwanamke ambaye mumewe hakusimama mlangoni siku ya hitima ya baba yake atasemwa mpaka apate wajukuu. Hilo alinikariria wiki nzima. Hakuogopa wali kuungua wala nyama kupungua, aliogopa mlango mtupu.

Asubuhi Ridhwan alikwenda shamba kuleta madafu. Akirudi alikuwa apite kwa Fahima achukue mikate ya kumimina, kwani mke mwenza hawezi kukosa kuleta kitu siku kama hiyo, na Fahima alikesha akiipika. Yote yalikuwa na haki yake. Tulikuwa uani wanawake kama ishirini, tuko kwenye masufuria, tulipoisikia Manne inakuja. Ikasimama kwa Fahima. Mwanaheri akaweka mwiko chini.

Ikanguruma kidogo pale. Kisha ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Sijui niwaelezeje kimya kile. Kwa mwaka mzima Manne haikuwahi kuzimwa adhuhuri mlangoni kwa Fahima, na kila mwanamke aliyekuwa pale alilijua hilo kama mimi. Mmoja akajifanya moshi umemwingia machoni. Mwanaheri alisimama vilevile, uso ameuelekeza pwani. Kwa muda wote alikuwa amechukia ile kelele, na sasa ilipokoma nikajua kwamba alikuwa akiishikilia. Kelele ilimaanisha anaondoka. Kimya kilimaanisha amekaa.

Sala ya Ijumaa ikaisha. Wanaume wakaja, wakapokelewa mlangoni na shemeji yangu mimi, mtu asiyehusika, ambaye nilimwomba asimame pale kwa haya. Wakasoma, ubani ukapita, dua ikaanza. Ridhwan aliingia dua inaelekea mwisho. Alikuja kwa miguu, mchanga mpaka magotini, sinia la mikate kichwani, Ridhwan bin Ghalib wa minazi yote ile. Baadhi walicheka. Mwanaheri hakucheka. Alipokea sinia, akampa maji, akamwambia wageni wanamsubiri. Ridhwan akamweleza kwamba imezima yenyewe, kwamba aliingia kunawa uso tu, kwamba amesubiri ipoe, na ilipopoa inazunguka lakini haishiki. Akaapa. Mwanaheri akamwambia amesikia.

Baada ya alasiri, Ridhwan akiwa bado anamsindikiza shehe, Mwanaheri alichukua spana na bisibisi akazifunga kwenye pembe ya kanga. Akaniambia twende. Nilimwuliza kama ana hakika, akasema anataka kujua kama imezima au imezimwa. Katika miaka mitatu hakuwahi kukanyaga ua ule.

Fahima alitutokea mbio, akatandika jamvi, akaleta maji. "Shikamoo dada," akasema, na macho hayakupanda juu ya miguu ya Mwanaheri.

"Marahaba," Mwanaheri akajibu. Jamvi hakulikalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye Manne, iliyokuwa kivulini mwa kibanda cha jiko, akabonyeza swichi. Ikazunguka, haikushika. Akainama akasikiliza, akabonyeza tena. Akainua kiti, akaanza kufuata nyaya kwa vidole, mmojammoja, kama anatafuta chawa. Hapo vidole vikasimama.

Kulikuwa na waya mwembamba unaotoka kwenye swichi kuja kwenye kile kidude cheusi. Mahali unapounganishwa, ndani ya kifuko cha plastiki, palikuwa na kutu ya kijani tupu. Akauchomoa akaugeuza kwenye mwanga. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni huu. Si plagi, si betri. Chumvi imeula, ukiwa baridi unashika, ukipata joto unaachia, mwaka mzima ni huu, na dawa yake ni kuukwangua tu. Alitabasamu. Kwa dakika ile hakuwa mke wa mtu, alikuwa binti wa mwenye mashine. Akamwomba Fahima kisu.

Fahima alipoingia ndani kukifuata, Mwanaheri akaendelea kutafuta kwa nini haishiki, kwa kuwa waya ule haukuhusika na kushika. Akanusa. Akapeleka mkono chini ya tangi, na mkono ukabaki huko. Koki ya mafuta ilikuwa imefungwa. Si kwa kutikisika, imefungwa mpaka mwisho. Mashine ilikuwa imemaliza mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, ikakohoa, ikafa.

Fahima akatoka na kisu akamkuta mkono uko pale. Sikuhitaji kuambiwa, uso wake ulisema. Nilidhani Mwanaheri atampiga, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshajipanga nisimzuie.

"Ni mimi, dada," Fahima akasema. "Sikukusudia akose hitima. Nilidhani ataifungua mara moja, kumbe hajui."

Mwanaheri akamwuliza kwa nini.

"Nilitaka izime kwangu mchana. Mara moja tu." Alikuwa ameanza kulia, na kisu bado amekinyoosha. "Kwako naisikia inavyozima. Nikisikia imezima najua amevua kofia, amekaa. Kwangu mchana hajawahi kukaa. Anakula sikio liko nje, akisikia imebadilika sauti anaacha tonge. Mtoto wa watu nakaa mbele ya mwanamume tunapigiana kelele tupeane chumvi. Nikakuonea wivu, dada. Nakuonea kila siku."

Basi wote wawili walikuwa wanasikiliza. Mmoja ncha hii ya njia na mmoja ncha ile, wanasikiliza mashine ileile mbovu, na kila mmoja anasikia kwamba mwenzake ndiye anayependwa. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Mwanaheri alikipokea kisu. Akawa amesimama, kisu mkono wa kulia, waya mkono wa kushoto. Alikuwa amepewa, kwa kinywa cha mke mwenza wake, kitu ambacho hakuna aliyeweza kumpa kwa miaka mitatu: alijua sasa kwamba kwake ndiko mumewe anakokaa. Na nikamwona anajua jambo la pili. Waya ule ukikwanguliwa, Manne itawaka popote, moto au baridi, na Ridhwan ataizima kwa yeyote anayemtaka, kwa muda anaoutaka. Mara mbili tatu za kisu, kazi imekwisha.

Fahima alijifuta uso kwa kanga akauliza kama itapona.

"Itawaka," Mwanaheri akasema.

Akamrudishia kisu, kisafi kama alivyokileta. Akaurudisha waya mahali pake na kutu yake yote, akaubana vizuri kwa vidole. Akafungua koki, akabonyeza swichi. Kwa kuwa ilikuwa baridi ikawaka, na ua mzima ukatetemeka. Akamwambia Fahima kwa kupaza sauti kwamba la koki litabaki hapa uani, Ridhwan hatalisikia. Fahima akamshika mkono akaubusu. Mwanaheri akaacha aubusu.

Tulirudi kwa miguu. Ilikuwa hiari yetu, angeweza kuipanda lakini alimwachia mwenyewe aifuate. Mimi si mtu wa kunyamaza, na nilijitahidi mpaka msikitini. Hapo nikamwuliza: "Mwanaheri, ule waya?"

Hakujifanya haelewi. Alitembea hatua kadhaa, spana inampiga pajani kwenye pembe ya kanga.

"Yeye ana miaka ishirini na sita, Biubwa," akasema. "Mimi nina huo waya."

Nikamshika kiwiko, tukaendelea kutembea. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili, siku ya Fahima, adhuhuri nilikuwa barazani kwa Mwanaheri tunakula, na Manne ilinguruma kule pwani mwanzo wa mlo mpaka mwisho. Mwanaheri alikula vizuri, akaongeza. Mimi ndiye niliyeshindwa kumeza, kwa kuwa sasa nilikuwa najua kwamba kule kuna mtu anapaza sauti aombe chumvi.